Tela Lina Namba Yake: Somo la Bima kwa Wanaovuta Mzigo



Somo la leo wachache watalikuta darasani, lakini linawahusu wengi kuliko wanavyodhani. Siku hizi kila kona ya Dodoma kuna wanachuo wenye mchongo wa pembeni: wanaokodisha viti na mahema, wanaopiga muziki kwenye sherehe, wanaotoa zabibu shambani na kuzileta mjini, wanaovuta kibanda cha chipsi chenye magurudumu. Wengi hawana uwezo wa kununua lori, kwa hiyo wanaazima pikapu, wanafunga tela nyuma, safari inaanza. Mimi nasoma sheria, na geto langu liko Nkuhungu, jirani na barabara ya Singida. Nimeona matela ya kutosha, na nimesoma hati za bima za kutosha, kugundua kwamba watu wengi wanaamini mambo mawili ambayo si kweli.

La kwanza: "Gari lina bima, kwa hiyo na tela lina bima."

La pili: "Nimekata bima kubwa, kwa hiyo likiharibika njiani kampuni italipa."

Makala hii inayavunja hayo mawili, moja baada ya jingine, kisha inaeleza la kufanya kabla ya kusafiri na ukikwama. Chukua daftari.

1. Bima ndogo inamlinda nani?

Tuanze na msingi. Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Kwa sheria hii, hakuna ruhusa ya kutumia gari barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu. Katika mkataba wa bima kuna wewe uliyekata bima, ambaye ni wa kwanza, na kuna kampuni, ambayo ni wa pili. Mtu wa tatu ni yule ambaye hakusaini chochote na pengine hajui hata jina lako: mama anayeuza karanga pembeni mwa barabara, dereva wa bodaboda, mtoto anayetoka shule. Ukimuumiza au kumuua kwa gari lako, bima ndiyo inayotakiwa kumlipa fidia. Kiini cha sheria ni kifo na majeraha, na hati nyingi huongeza uharibifu wa mali ya mtu wa tatu hadi kiwango fulani kilichoandikwa.

Hii ndiyo tunayoiita bima ndogo. Angalia vizuri: haikulindi wewe, wala gari lako, wala mzigo wako. Inamlinda mgeni wako wa barabarani, na inaulinda mfuko wako dhidi ya madai yake. Bima kubwa inaongeza ulinzi wa gari lenyewe: ajali, moto na wizi. Katikati kuna aina ya tatu, yaani mtu wa tatu pamoja na moto na wizi.

Kwa muda mrefu hapakuwa na mengi ya kuchagua. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kuanzia 1967 likabaki peke yake sokoni, mpaka Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, mawakala ni wengi zaidi, na msimamizi wao ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, yenye makao makuu hapa hapa Dodoma. Soko likiwa pana hivi, kazi ya kusoma hati inabaki kwako. Wakala anauza mikataba ya aina nyingi, na si yote inayofanana kwenye suala la tela.

2. Kwa nini tela linahesabiwa peke yake

Ukisikiliza taarifa za ajali za malori redioni, utasikia kitu ambacho wengi hatukitilii maanani. Polisi hutaja namba mbili. Husema lori lenye namba fulani "likiwa na tela namba" nyingine kabisa. Tela lina kadi yake ya usajili na namba yake, na kwa kawaida linakatiwa bima yake na kupata stika yake.

Dereva mmoja wa lori, mtu mzima ambaye huwa anapumzika upande wetu kabla ya kuendelea na safari ya Rusumo, nilimuuliza jambo hili tukiwa tunakunywa chai.

"Shikamoo mzee. Hivi tela nalo linakatiwa bima?"

"Marahaba mwanangu. Tela ni kama mke wa pili. Hali kwenye sahani ya mkubwa. Analo lake."

Nilicheka, ila kisheria mzee yuko sawa kuliko baadhi ya watu wenye digrii. Sababu yenyewe si ngumu. Kampuni ya bima inauza ahadi juu ya hatari, na tela linabadilisha hatari. Gari linakuwa refu zaidi, linachelewa kusimama, linahitaji nafasi kubwa kwenye kona, na lina magurudumu ambayo dereva hayaoni vizuri. Tela dogo lisilo na breki linalisukuma gari kila unapokanyaga breki. Likijazwa mzigo nyuma kuliko mbele, linaanza kuyumba kama mkia. Wanaovuta matela madogo wana kanuni moja: kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela ukae kwenye kiungio. Yaani tela lenye kilo 600 likandamize kiungio kwa kilo 60 hadi 90. Chini ya hapo linayumba. Juu ya hapo linainua pua ya gari, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyofaa.

Sasa jiulize: kampuni iliyokadiria ada kwa pikapu peke yake, itakubalije kulipia pikapu na tela? Kwenye hati za bima utakuta hali tatu, na inabidi ujue uko kwenye ipi.

*Hali ya kwanza: tela limeunganishwa na limetajwa kwenye hati.* Hapa uko vizuri. Likimgonga mtu linahesabiwa pamoja na gari. Kama umelikatia bima kubwa, na lenyewe litatengenezwa.

*Hali ya pili: tela limeunganishwa lakini halijatajwa.* Hapa ndipo kwenye mabishano. Kuna hati zinazokubali kumlipa mtu wa tatu mradi tela limefungwa kwenye gari lenye bima, na kuna zinazokataa mpaka litajwe kwa namba. Ila karibu zote zinakubaliana kwenye jambo moja: uharibifu wa tela lenyewe haulipwi.

*Hali ya tatu: tela limeachana na gari.* Umelipaki uwanjani, likashuka mteremko lenyewe na kugonga ukuta wa jirani. Au limechomoka njiani. Kama halina bima yake, usitegemee bima ya gari ifike huko. Kiungio kikiachia, mara nyingi na ulinzi unaachia.

Na mzigo je? Mzigo ni kitu cha nne kabisa. Spika, viti, magunia ya mtama, hayo yote hayako ndani ya bima ya gari wala ya tela. Yana bima yake, bima ya mizigo safarini. Na ukiikata, taja thamani halisi. Mzigo wa shilingi milioni 10 ukiuandikia milioni 6 ili kupunguza ada, hati nyingi za mizigo zina kanuni ya uwiano: ikitokea hasara ya milioni 5, unalipwa asilimia 60 ya hiyo hasara, yaani milioni 3. Milioni 2 ni zako, utajua mwenyewe.

3. Kuharibika si ajali

Tuje kwenye imani ya pili. Soma hati yoyote ya bima kubwa, nenda kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Utakuta maneno yenye maana hii: kampuni haitalipia kuchakaa, kuharibika kwa mitambo au umeme, wala uharibifu wa tairi peke yake isipokuwa kama gari nalo limeharibika wakati huo huo.

Kwa lugha ya mtaani: injini ikichemsha pale Saranda, hulipwi. Pancha, hulipwi. Beringi ikisaga, ekseli ikikatika kwa uchovu, taa za tela zikizima kwa sababu waya umelika, hulipwi. Bima inalipia tukio la ghafla lisilotegemewa. Beringi iliyokaa miaka bila grisi inategemewa kufa, ni suala la siku tu.

Wasomi wenzangu mtauliza: je, beringi ikifa, gurudumu likachomoka, gari likapinduka? Hapo tunaingia kwenye kanuni ya chanzo cha karibu. Beringi yenyewe haitalipwa. Lakini kupinduka ni ajali, na uharibifu uliotokana na kupinduka unaweza kulipwa, mradi kampuni isithibitishe kwamba uliliendesha gari ukijua ni bovu. Karibu kila hati ina sharti kwamba mwenye bima atalitunza gari katika hali nzuri. Ndiyo maana risiti ya fundi ina thamani. Risiti ya grisi na beringi ya miezi miwili iliyopita inaweza kukuokolea mamilioni.

Nani basi analipia kukwama? Huko Uingereza wameshaitenganisha biashara hii zamani. Vyama vya wenye magari kama RAC, kilichoanzishwa 1897, na AA, kilichoanzishwa 1905, huuza huduma ya msaada wa njiani, na bima ya ajali ni jambo jingine. Watu wenye motohomu, yale magari yenye kitanda na jiko ndani, wanajua hilo kwa sababu limewakuta: huduma huwa na kikomo cha urefu na uzito, na mwenye motohomu anayevuta tela anaweza kukuta gari lake linachukuliwa na tela linaachwa pembeni. Kwa hiyo huuliza kabla: "Mkija kunichukua, mnachukua na tela?" Baadhi ya hao hupita hapa kwetu, maana barabara kuu ya kutoka kusini kwenda kaskazini mwa Afrika inapita Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati hadi Arusha. Wakivuka mipaka yetu, bima waliyoizoea kwao inaweza isiwe na kazi hapa. Wengi hutumia kadi ya njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania imebaki ndani yake ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo inahusu mtu wa tatu. Haiji na fundi wala mnyororo wa kuvutia.

Afrika Mashariki nayo si mgeni wa vyama hivi; chama cha wenye magari Nairobi kilianza 1919. Ila kwa mwanachuo wa Dodoma mwenye pikapu ya kuazima, msaada wa njiani kwa kawaida ni simu, fundi unayemfahamu, na fedha uliyotenga. Baadhi ya hati za bima kubwa zinalipia kuvutwa hadi kwa fundi wa karibu baada ya ajali, kwa kiwango kilichowekwa. Baada ya ajali, narudia. Kwa kuharibika tu, mpaka uongeze kipengele hicho na kukilipia.

4. Kisa cha mtaani kwetu

Nieleze kisa kimoja ili haya yasibaki maneno ya darasani. Wahusika wameniruhusu kukisimulia bila majina.

Vijana watatu wa mwaka wa pili walichanga sehemu ya bumu, wakaenda kwa fundi wa kuchomelea wakatengenezewa tela la magurudumu mawili kwa ekseli ya gari la zamani. Lilikuwa zuri kweli, limepakwa rangi ya bluu. Pikapu ilikuwa ya mjomba wa mmoja wao, yenye bima kubwa ya matumizi binafsi. Tela halikuwa na kadi, halikuwa na namba, wala halikutajwa kwenye hati. Wakawa wanakodisha spika na viti kwenye sendofu na harusi.

Siku moja wakirudi kutoka Bahi, yapata saa mbili usiku, gurudumu la kushoto la tela lilichomoka. Tela likayumba, kiungio kikaachia, na hapakuwa na mnyororo wa usalama. Likatoka barabarani, likamkuta dereva wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki yake akisubiri abiria. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Spika zilipasuka, na viti vikatawanyika porini.

Madai yalipopelekwa, kampuni ilikubali kutengeneza bampa la nyuma la pikapu, ikakata kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe. Kwa mengine ikasema hapana. Tela halimo kwenye hati. Mzigo haumo. Na majeraha ya dereva wa bodaboda yamesababishwa na tela lisilosajiliwa, lililokuwa limeachana na gari, likitumika kwa biashara huku hati ni ya matumizi binafsi. Hoja tatu, na kila moja peke yake ingetosha kuleta mgogoro.

Niliitwa kusoma hati. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, karatasi mkononi.

"Mwanangu, si nimelipa bima kubwa? Kubwa maana yake nini sasa?"

"Ni kubwa kwa gari lililoandikwa humu, mjomba. Tela halijaandikwa."

"Na huyu kijana wa bodaboda?"

Hilo ndilo swali lililonibakia kichwani. Yeye hakukata bima yoyote, hakusaini popote, na ndiye mtu ambaye Sura ya 169 iliandikwa kwa ajili yake. Tulimshauri mjomba kwamba suala la mtu wa tatu linaweza kubishaniwa, na kwamba kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye mwananchi anaweza kumpelekea malalamiko. Lakini mgogoro unachukua muda, na mguu uliovunjika hausubiri. Kijana ana mke na mtoto, na anakula kwa anachopata siku hiyo. Familia mbili zilikaa chini. Mjomba aliuza ng'ombe wawili. Vijana wakauza jenereta na spika iliyobaki. Dereva wa bodaboda alitibiwa, akakaa nyumbani miezi bila kazi, na pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya mkataba, hivyo hesabu ya tajiri iliendelea kumdai.

Kwa hiyo mtu anaposema bima ya tela ni "gharama ya bure", mimi nauliza: bure kwa nani?

5. Hesabu ndogo

Tuchukulie pikapu yenye thamani ya shilingi milioni 18, na kampuni inatoza asilimia 3.5 kwa bima kubwa. Ada ni shilingi 630,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 113,400. Jumla 743,400. Sasa tuchukulie tela lenye thamani ya milioni 2.5, kwa asilimia hiyo hiyo. Ada ni 87,500, VAT 15,750, jumla 103,250. Viwango vya biashara huwa juu zaidi, na kila kampuni itakupa hesabu yake, ila uwiano unauona. Kwa mfano huu, tela zima kwa mwaka mzima ni chini ya shilingi 300 kwa siku. Gawanya kwa watu watatu.

Usidanganye matumizi. Bima inasimama juu ya kanuni ya nia njema ya hali ya juu: mwombaji anatakiwa aseme kila jambo ambalo lingemfanya mwenye kampuni afikirie upya. Waliosoma Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, wamezoea kwamba muuzaji na mnunuzi kila mmoja anajiangalia. Kwenye bima sivyo. Ukivuta tela kwa kulipwa, sema. Anayeendesha awe na leseni ya daraja linalotakiwa kwa gari na mzigo huo, maana leseni isiyolingana ni sababu nyingine ya kunyimwa.

6. Ukikwama njiani

Kukwama kwenyewe hakuui. Kinachoua ni kinachofuata. Gari bovu na tela lake likisimama gizani bila alama linakuwa ukuta katikati ya barabara. Basi kwa mpangilio huu:

Toa gari nje ya barabara kadiri linavyoweza kwenda, hata kama ringi itaharibika. Ringi inanunuliwa.

Washa taa za hatari. Kama taa za tela hazifanyi kazi, taa za pikapu zinafichwa na mzigo, kwa hiyo usizitegemee. Weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma, ile ya nyuma iwe mbali zaidi na ipimwe kuanzia mwisho wa tela. Majani ya miti ni desturi ya zamani, lakini usiku hayaonekani. Ukishatengenezewa, yaondoe pamoja na mawe uliyozuilia matairi. Jiwe lililosahaulika ni ajali ya mwenzako.

Watu wote washuke na wakae mbali na barabara. Kama lililopinduka ni tela la mafuta, ondokeni kabisa. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukusanyika kuchota.

Zuia matairi ya tela kwa vipande vya mbao au mawe kabla ya kulifungua kutoka kwenye gari. Tela halina injini, lakini likipata mteremko linakwenda.

Kama kuna aliyeumia au mali ya mtu iliyoharibika, hiyo si kukwama tena, ni ajali. Piga simu polisi, wajulishe kampuni ya bima mapema, piga picha za kiungio, matairi, alama za barabarani na namba zote mbili. Majeruhi apate fomu ya PF3. Baadaye kampuni itataka ripoti ya polisi, ile ya PF90. Usikiri kosa wala kuahidi kulipa kwa niaba ya kampuni. Hati nyingi zinakataza. Lakini kumpeleka majeruhi hospitali si kukiri kosa. Mpeleke.

Kuhusu kuvutwa: hati nyingi zinaruhusu gari lenye bima kuvuta gari moja lililoharibika, mradi si kwa malipo, na hazilipii uharibifu wa gari linalovutwa. Kwa hiyo rafiki akija kukuvuta kwa kamba na bampa likang'oka, hilo ni lenu wawili. Ukimwita mtu wa brekidauni, kubaliana bei kabla hajafunga mnyororo, na muulize swali la wale wenye motohomu: unachukua na tela? Usiache tela porini usiku na mzigo juu yake ukitegemea bima ya gari iko nalo.

Na mwendo. Gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi wote ni 50. Pikapu na tela dogo pengine hamfiki uzito huo, lakini fizikia haina huruma: ukitoka 80 kwenda 100, nguvu ya mwendo inaongezeka kwa asilimia 56, na breki ni zile zile.

7. Maswali ya kumuuliza wakala

Nenda nayo yakiwa yameandikwa, na majibu uyapate kwa maandishi.

1. Tela langu limetajwa kwenye hati kwa namba yake ya usajili?
2. Likimgonga mtu likiwa limeunganishwa, mnalipa? Likiwa limechomoka? Likiwa limepakiwa?
3. Hati inaruhusu kuvuta tela kwa biashara, au ni matumizi binafsi tu?
4. Mzigo uko ndani au nahitaji bima nyingine?
5. Kuna malipo ya kuvutwa? Ni kiasi gani, baada ya ajali tu au hata likiharibika, na yanahusu tela?
6. Kiasi gani nitajibebea mwenyewe kabla hamjaanza kulipa?

Ukishalipa, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA-MIS. Siku hizi stika ni za kielektroniki, dakika mbili kwenye simu zinatosha. Hakiki ya gari, kisha hakiki ya tela. Kama tela limetengenezwa mtaani na halina kadi, anza na usajili. Bila namba hakuna cha kuandika kwenye hati.

8. Zoezi

Jadilini haya chumbani. (a) Tela lenye bima ndogo yake limefunguliwa uwanjani, likashuka na kubomoa ukuta wa jirani. Anza kwa kuuliza: jirani ni mtu wa nani kwenye mkataba huu, na hati ina kiwango gani cha mali? (b) Gari linapasuka tairi, halijagonga kitu, spika zinaanguka na kuvunjika. Taja vitu viwili ambavyo bima kubwa ya gari haitalipa. (c) Rafiki anaazima pikapu ya kaka yake kuvuta tela la kikundi chenu kwa malipo. Orodhesha watu wote wanaotakiwa kuambiwa kabla ya safari.

Kama kwenye jibu la (c) umewataja kaka, kampuni ya bima, na dereva mwenyewe, umefaulu. Kama kikundi chenu kina tela na hamjamwambia hata mmoja wao, basi zoezi hili lifanyeni leo, kabla ya sherehe ya Jumamosi.